Kitako kipya cha gobore la babu

Swali: Niko Akheri, Arusha. Gobore la marehemu babu limevunjika kitako. Nimepata kingine cha mninga, kimeshachongwa. Nakifungaje?

Jibu: Anzia polisi, si kwenye patasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, hata kwa silaha ya urithi, na fundi naye awe na kibali. Mninga ni chaguo zuri, hausinyai ovyo. Fundi ataupaka mtutu masizi ya koroboi, aulaze kwenye mfereji wa kitako, aunyanyue. Palipobaki weusi ndipo pa kukwangua, kidogo kidogo, akianzia nyuma panapokaa baruti, maana mtambo wa kufyatulia hufuata hapo. Lakini mtutu ukiwa bomba la maji, kama magobore mengi ya kienyeji, usihangaike na kitako. Ni hatari; salimisha gobore lenyewe polisi.