Hadiya za Sikukuu Makazini

Ndugu zetu wengi wa pwani wamekwenda bara kutafuta riziki, na baadhi yao wamefika hata Kisian, magharibi ya Kisumu, penye kituo cha utafiti wa maradhi cha KEMRI. Mahali kama hapo Mwislamu hufanya kazi pamoja na Mjaluo Mkristo na mgeni wa Marekani. Ifikapo Disemba watu hupeana hadiya, na hapo wengi wetu hukosea: wako wapokeao kila kitu wasiulize, na wako wakataao kila kitu mbele ya watu, wakamtahayarisha aliyekuja kwa moyo safi.

Huyu wa pili hudhani ameilinda dini. La. Sura ya Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwatendea wema wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Sayyidna Umar alipewa na Mtume (S.A.W.) nguo ya hariri, akampelekea ndugu yake wa Makka, naye ni mushriki; Bukhari ameipokea khabari hiyo. Hata Ibn Taymiyya, ambaye hakuwa mlegevu katika sikukuu za wengine, ametaja kuwa Sayyidna Ali aliletewa hadiya siku ya Nairuzi akaipokea. (Nairuzi ndiyo hiyo watu wetu waliyoifanya Siku ya Mwaka; basi tusiwe wepesi wa kuwahukumu wenzetu.) Kushiriki ibada yao ni jambo jengine.

Ama nyama na mvinyo, hukumu yake yajulikana, lakini iko namna ya kusema. Mjaluo akikuheshimu hukupa kuku, na si kitu kidogo kwake. Akimleta mzima, mpokee kwa mikono miwili ukamchinje mwenyewe. Akimleta amekwisha kupikwa, muulize kando ni nani aliyemchinja. Kwani Kenya wengi wasio Waislamu, wakiwa na karamu, humwita Mwislamu achinje ili wote wapate kula. Na khabari ya chupa mwambie mapema, kwa upole, faraghani. Likisemwa siku yenyewe mbele ya watu, huwa tusi.

Lakini lililo zito zaidi halihusu dini ya mtoaji. Mtume alimtuma Ibn Lutbiyya kukusanya sadaka. Aliporudi akasema hii ni yenu na hii nimepewa mimi. Mtume akakasirika, akauliza mbona hakukaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama hadiya itamjia. Karani wa manunuzi aletewaye mbuzi na muuza bidhaa, awe mbuzi wa Krismasi au wa Idi, na ajiulize hayo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 76, nayo yasema hadiya apewayo afisa wa Dola katika shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri.

Na sisi jee, twatoa nini? Idi ya Ramadhani ni siku ya mapumziko kwa Kenya nzima. Abdullahi bin Amr, kondoo akichinjwa nyumbani kwake, alikuwa akiuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Sisi halua yetu twaila sisi kwa sisi, kisha twalalamika kuwa wenzetu hawatujui. Na aonaye halua ni ghali, sahani ya tende yatosha.