KIJANA, USINGOJE MOYO UPENDE!

Kijana wa Kiembe Samaki, je, umekaa barazani unatazama ndege zikiruka, moyoni unasema, "Mimi wa nini duniani?" Usikate tamaa, ndugu yangu!

Kule Zimbabwe, mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda alianza kuwaweka mabibi waliofunzwa kwenye mabenchi, wawasikilize waliochoka na maisha. Bibi hakemei. Anauliza tu: tuanze na shida ipi? Hatua gani ndogo utaiweza? Utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao.

Sikia: moyo hufuata mikono. Leo fagia uwanja, mwamkie mzee jirani, mweleze mmoja unayemwamini. Kesho rudia. Anza sasa!