Mdudu Kwenye Pakiti ya Mboga: Aliingilia Wapi?

Majani ya kunde, mlenda na mgagani yaliyokaushwa ni akiba ya kiangazi ya tangu zamani katika mikoa kama Dodoma na Singida. Siku hizi yanafungwa kwenye pakiti zenye nembo na kuuzwa madukani mjini, na huko mteja akikuta mdudu hanunui tena. Kijitabu hiki ni cha vikundi na wasindikaji wadogo.

Mtazame kwanza: amekufa au yu hai?

Mdudu aliyekaukia kwenye jani kwa kawaida ametoka shambani. Hao ni vidukari (wengine huwaita wadudu mafuta), inzi weupe, vithiripi na viwavi wadogo. Hukaa upande wa chini wa jani na kwenye mikunjo karibu na kikonyo, mahali ambapo kusuuza mara moja hakuwatoi.

Aliye hai ana habari nyingine. Mboga iliyochovywa kwenye maji yanayochemka haitoki na mdudu hai, kwa hiyo huyu aliingia baadaye: juani, ghalani au dukani. Wasumbufu wakubwa ni mbawakawa mwekundu wa unga, nondo wa vyakula vikavu, na mbawakawa wa tumbaku, ambaye licha ya jina lake hula karibu kila kitu kikavu na hutoboa nailoni nyepesi. Dalili zao ni vumbi laini chini ya pakiti, vitundu vya duara, ngozi zilizovuliwa, na utando kama wa buibui ikiwa ni nondo.

Wasindikaji wengi hukimbilia kumlaumu mwenye duka. Huenda ni kweli, lakini kama wadudu wote ni vidukari wakavu, duka halihusiki.

Kupima bila maabara

Chukua gramu 100 kutoka kila toleo, ukichota sehemu mbalimbali za gunia, siyo juu tu. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, koroga, kisha mimina kupitia chekeche lenye matundu mapana huku umetandika kitambaa cheupe chini yake. Majani yatabaki juu, wadudu watapita. Wahesabu kwa kioo cha kukuzia, andika idadi pamoja na namba ya toleo na jina la shamba. Sampuli hiyo itupwe.

Maabara hutumia njia ya kina zaidi. Ngozi ya mdudu ina nta, hivyo hushikamana na mafuta. Sampuli hukorogwa na mafuta na maji ndani ya chupa maalumu, iitwayo chupa ya Wildman. Vipande vya wadudu hupanda na mafuta, kisha huchujwa na kuhesabiwa kwa hadubini. Majani hutaka uangalifu, kwani hewa iliyonaswa ndani yake isipotolewa kwanza, nayo huelea.

Hakuna shamba lisilo na mdudu hata mmoja, na wadhibiti wanalijua hilo. Nchini Marekani, mchicha wa spinachi uliogandishwa huweza kuchukuliwa hatua wastani ukifika vidukari, vithiripi au utitiri 50 kwa gramu 100. Hiyo si ruhusa ya uchafu. Huko huko ni marufuku kuchanganya toleo baya na zuri ili kushusha idadi, mbinu ambayo huku kwetu baadhi ya watu huiona ni ujanja wa biashara.

Kuzuia

Kazi kubwa iko kabla ya kukausha. Kagua mboga zikiwa bado shambani, na ukiona vidukari wamejaa, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Loweka majani dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya chumvi, gramu 20 kwa lita moja, kisha suuza kwa maji safi yanayotiririka, ukiyatenganisha jani kwa jani. Baada ya hapo yachovye kwenye maji yanayochemka.

Kaushio liwe na neti isiyopitisha inzi. Usianike chini wala juu ya bati. Majani yakishapoa, yafunge siku hiyo hiyo kwenye vifungashio vizito visivyopitisha hewa. Nailoni ya sokoni haifai. Ghalani, toleo lililotangulia kuingia litangulie kutoka, na mabaki ya msimu uliopita yasikae jirani na mapya.

Usipulizie dawa ya wadudu kwenye mboga zilizokaushwa, wala usiweke vidonge vya kuhifadhia mahindi. Gesi ya vidonge hivyo inaua watu, hasa vikitumika ndani ya nyumba.

Tangu Julai 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara unasimamiwa na TBS. Waulize kuhusu usajili na upimaji kabla hujaingia sokoni. Na mteja akirudisha pakiti, ipokee pamoja na mdudu wake, mrudishie pesa, kisha simamisha uuzaji wa toleo zima hadi ujue mdudu aliingilia wapi.