Mafunzo Niliyopata kwa Kulima Mgagani

Huku kwetu Musoma, mvua za kwanza zikinyesha, mgagani huota wenyewe: kando ya zizi, jalalani, pembezoni mwa shamba la mahindi. Wengi huung'oa pamoja na magugu, kisha jioni huenda gengeni kununua fungu la mboga. Mimi niliupa tuta lake bustanini, na misimu niliyoulima imenifundisha haya.

1. Utambue kabla ya kuuchuma

Kitaalamu ni Gynandropsis gynandra. Jani lake lina vipande vitatu hadi saba, aghalabu vitano, vilivyotandazwa kama vidole vya kiganja. Shina, la kijani au la zambarau, huwa na vinyweleo vinavyonata mkononi na kuacha harufu kali. Ua lina petali nne, nyeupe au zenye wekundu wa mbali, na stameni sita ndefu zilizochomoza. Likinyauka, hutoka ganda jembamba lililojaa mbegu.

2. Kuvumilia ukame si kustawi

Kama mahindi na mtama, mgagani hutengeneza chakula chake vizuri jua linapokuwa kali. Kivulini hudhoofika, na penye maji yaliyotuama hufa. Kwa kuwa unavumilia ukame, watu hudhani hauhitaji kumwagiliwa. Kumbe ukikosa maji huwahi kutoa maua ili uache mbegu, na majani hubaki madogo. Anayetaka mboga amwagilie mara kwa mara, kwenye udongo usiotuamisha maji.

3. Mbegu mpya huwa imelala

Mbegu iliyotoka kuvunwa huota kwa shida. Ihifadhi pakavu miezi mitatu hadi sita, ndipo itaota vizuri. Kwa kuwa ni ndogo mno, mimi huichanganya na mchanga mkavu nikaimwaga kwenye mifereji iliyoachana sentimita 30, kisha naifukia kwa udongo mwepesi usiozidi sentimita 1. Huisia palepale itakapokulia, maana mche huu una mzizi mkuu na haupendi kuhamishwa. Ikishika, napunguza hadi mche na mche iachane sentimita 10 hadi 15. Miche inayong'olewa ndiyo mboga ya kwanza ya msimu.

4. Wahi ua

Hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Mgagani una haraka ya kuzaa. Ukishachanua, nguvu zake huhamia kwenye maganda, na majani mapya hupungua. Dawa zake ni mbili. Kwanza samadi iliyooza vizuri, ambayo hunenepesha majani na kuchelewesha maua. Pili ni kuchuma bila kusita: kuanzia wiki ya nne hadi ya sita nakata ncha, na kila kikonyo cha ua ninachokiona nakitoa. Mmea uliokatwa ncha huchipua matawi ya pembeni, na tuta moja huendelea kulisha nyumba kwa wiki kadhaa.

5. Uchungu una mapishi yake

Bibi zetu waliwapikia mgagani wanawake waliojifungua, na walikuwa na sababu: majani yake yana madini ya chuma na kalsiamu, pamoja na vitamini A na C. Shida ni kwamba wengi huuchemsha muda mrefu na kumwaga maji mara mbili au tatu ili uchungu uishe, na sehemu kubwa ya vitamini C humwagika pamoja nayo. Nyumbani kwangu tunachambua majani machanga, tunayachanganya na kunde au mchicha, tunapika kwa maji kidogo, kisha tunatia maziwa. Maziwa hulainisha uchungu. Asiye na maziwa atie karanga zilizosagwa. Kwa ugali wa mtama, hakuna cha kuongeza.

6. Harufu yake ina kazi

Watafiti nchini Kenya wameonyesha kwamba mgagani hufukuza kupe wa mifugo, na kwamba ukipandwa katikati ya mawaridi hupunguza utitiri mwekundu. Lakini kinga hiyo haiwafikii wadudu wote. Vidukari huushambulia mgagani wenyewe, kwa hiyo geuza majani uangalie upande wa chini kila unapopita.

7. Usichume yote

Tenga mimea michache iliyo bora, yenye majani mapana na inayochelewa kuchanua, uiache izae. Wakulima wengi hufanya kinyume: hula ile mizuri na kukusanya mbegu za ile iliyowahi kuchanua, na kila msimu wanapata mgagani unaokimbilia maua. Maganda yakigeuka manjano yakate, uyaanike juu ya turubai. Yakikaukia shambani hupasuka yenyewe na mbegu kumwagika.

Mboga inayoota bila kupandwa huonekana haina thamani, lakini mashamba yanapolimwa kila pembe na kupigwa dawa za magugu, ile ya bure inazidi kuadimika. Basi mvua zijazo, kabla hujainua jembe kusafisha pembezoni mwa shamba lako, ichague mimea mitano ya mgagani uiache ikomae. Hiyo itakupa mbegu za kutosha tuta zima.