Somo la mwezi: Ngoma ya taiko na watu waliotolewa makwao



Siku moja, baada ya mkutano wa wawakilishi wa kambi, mama mmoja alinishika mkono. Alikuwa amesikia kwamba vijana wanataka shirika liwasaidie kupata ngoma na mtu wa kuwafundisha. Akaniambia, "Mwanangu, watoto wetu wanalala chini ya turubai linalovuja, na nyinyi mnazungumza mambo ya ngoma?" Sikuwa na jibu la haraka, wala sikutaka kumpa jibu la haraka, kwa sababu swali lake ni la haki. Mwenye njaa hashibi mdundo. Somo hili ni jibu nililolitafuta baadaye, nami nimelipata mbali sana na hapa, kwa Wajapani na wajukuu wao waliozaliwa Marekani.

Kwa Kijapani, taiko maana yake ni ngoma tu. Tangu zamani ilipigwa hekaluni, vitani, na katika sikukuu za vijiji. Lakini taiko ya kikundi, ambapo watu wengi hupiga ngoma kubwa na ndogo kwa pamoja, si ya zamani kama wengi wanavyodhani. Ilianzishwa mwaka 1951 katika mkoa wa Nagano na Daihachi Oguchi, aliyekuwa mpigaji ngoma wa jazi. Alipewa muziki wa zamani wa hekalu, akaona ni mwepesi mno, akaugawa kwa ngoma mbalimbali na watu mbalimbali. Nasema hivi kwa wale wazee wetu wanaosema kwamba utamaduni ukiguswa umeharibika.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1941 Japani ilishambulia Pearl Harbor, na vita vikaanza kati ya nchi hizo mbili. Tarehe 19 Februari 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi amri namba 9066. Kwa amri hiyo, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani walitolewa katika nyumba zao kwenye pwani ya magharibi na kupelekwa katika kambi kumi zilizozungushiwa seng'enge, zikilindwa na askari wenye bunduki. Karibu theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani, waliozaliwa hapo hapo. Waliruhusiwa kuchukua kile walichoweza kubeba kwa mikono. Mashamba, maduka na mashua za uvuvi viliuzwa kwa bei ya kutupa au vikaachwa. Nyinyi mnaosoma hapa hamhitaji kuelezwa zaidi. Kambi ya mwisho ilifungwa mwaka 1946.

Waliporudi, wengi hawakusema neno. Wazazi walificha kambi mbele ya watoto wao kama mtu anavyoficha ugonjwa wa aibu. Waliwahimiza wasome kwa bidii, waongee Kiingereza, wasijitokeze, wasipige kelele. Watoto walikua wakijua kwamba kuna jambo, lakini hawakujua ni jambo gani.

Watoto hao na wadogo zao ndio waliokuja kushika ngoma. Mwaka 1968 Seiichi Tanaka, mhamiaji kutoka Japani, alifungua shule ya taiko katika mji wa San Francisco. Mwaka 1969, katika hekalu la Kibuddha la Senshin huko Los Angeles, kilizaliwa kikundi cha Kinnara. Mwaka 1973 kikafuata kikundi cha San Jose. Ngoma ya kweli ya Kijapani huchongwa kutoka katika gogo moja la mti mgumu, na bei yake haikuwa ya watu kama hao. Basi Kinnara walichukua mapipa ya mvinyo, wakawamba ngozi ya ng'ombe, wakaifunga kwa misumari. Walijifunza kwa kukosea. Vikundi vingine vilivyofuata Amerika ya Kaskazini vilifuata njia hiyo hiyo ya mapipa.

Darasa lenyewe liko namna gani? Hapa ndipo nataka viongozi wasome polepole. Katika madarasa mengi ya jamii, mwanafunzi mpya haanzi na ngoma. Anaanza na tairi la zamani la motokari lililofunikwa kwa utepe mpana wa gundi, lililowekwa juu ya kiti au kibao, na vijiti viwili vinene vinavyoitwa bachi. Kabla ya kupiga, wote hufagia ukumbi na kuinama kuheshimiana. Kisha hujifunza kusimama: miguu mbali, goti la kushoto limekunjwa, kiuno chini, mkono unyooke mpaka juu ndipo ushuke. Baada ya saa moja mapaja yanawaka moto.

Halafu mdundo hufundishwa kwa mdomo. Hakuna karatasi, kwa hiyo asiyejua kusoma na mwenye diploma wanaanza mstari mmoja. Pigo zito la katikati huitwa don. Mapigo mawili ya haraka ni doko. Pigo la ukingoni, kwenye mbao, ni ka. Mwalimu anasema, "Don, don, doko doko don," darasa linajibu kwa sauti mpaka maneno yaingie mwilini, ndipo mikono inafuata. Mtu asiyeweza kusema mdundo hawezi kuupiga.

Neno moja wanalolitumia lilinikaa sana moyoni: ma. Ni nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. Anayeanza huiogopa, anaijaza kwa haraka, na kikundi kizima kinaanza kukimbia. Mwalimu hawaambii wapige kwa nguvu zaidi. Anawaambia wasikilizane, watazamane, wapumue pamoja. Wakati mwingine ngoma ni chache, basi hupeana zamu. Anayesubiri hakai tu, hupiga hewani au huwatia wenzake moyo kwa kelele. Nimeendesha mikutano mingi ya upatanisho ambapo kila upande ulijaza nafasi yote kwa maneno yake. Natamani tungekuwa na matairi.

Lakini nisiwapake asali midomoni. Taiko nayo ina jeraha lake. Huko Japani, kazi ya ngozi ilikuwa ya tabaka la watu waliodharauliwa, waliohesabiwa kuwa najisi. Sheria ya tabaka hilo ilifutwa mwaka 1871, lakini ubaguzi katika ndoa na kazi uliendelea. Watu walicheza kwenye sikukuu kwa ngoma ambayo fundi wake hawakutaka aoe binti yao. Mwaka 1987, vijana wa mtaa wa mafundi hao huko Naniwa, mjini Osaka, walianzisha kikundi chao wenyewe wakakiita Ikari, yaani Hasira. Waliamua kwamba wanaotengeneza ngoma nao wataipiga. Mnapozungumza habari ya ngoma kambini, fikirini pia wafinyanzi wa Kitwa, ambao watu hupikia vyungu vyao na kukataa kula nao sahani moja.

Kuhusu wanawake nitasema kidogo tu. Zamani, sehemu nyingi za Japani, hawakuruhusiwa kugusa ngoma ya sikukuu; leo, Amerika ya Kaskazini, wapigaji wengi wa taiko ni wanawake. Kwa majirani zetu mambo yako pande mbili: Rwanda kina mama walianzisha kikundi cha Ingoma Nshya mwaka 2004, na Burundi agizo la rais la mwaka 2017 liliwakataza kupiga ngoma. Kila kambi iamue ikijua hayo.

Nilipomsimulia yule mama habari hizi, alinyamaza, kisha akauliza, "Na wale wazazi, walisema mwishowe?" Ndiyo, mama. Mwaka 1981 tume ya serikali ilizunguka miji ya Marekani, na mashahidi zaidi ya 750 wakasimama kusema, wengi kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka 1988 serikali iliomba radhi kwa sheria na kumlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000. Siwezi kusema ni ngoma iliyoleta hayo; mawakili, wanasiasa na wazee wakaidi walifanya kazi ya miaka mingi. Ila watoto walikuwa wameshaanza kupiga kelele walizokatazwa. Machi 2019, wazee waliokuwa watoto kambini na wajukuu wao walisimama nje ya kituo cha Dilley, Texas, ambako familia za wahamiaji zilifungiwa, wakapiga taiko ili walio ndani wasikie.

Kwa vikundi vya majadiliano, chukueni zoezi hili kutoka kisiwa cha Hachijo, ambako zamani serikali ya Japani iliwapeleka watu uhamishoni. Huko watu wawili hupiga ngoma moja, kila mmoja upande wake. Mmoja anashika mdundo wa chini bila kubadilisha, mwingine anasema ya moyoni mwake juu yake. Kama hamna ngoma, tumieni bidoni tupu ya maji. Wakae wawili wasiotoka kijiji kimoja, wapige dakika tano, wabadilishane. Kisha kila mmoja amweleze mwenzake ni nani aliyekuwa fundi wa ngoma kijijini kwao, na kama anajua yuko kambi gani sasa. Majina hayo tuleteeni. Mama yule ameshatupa moja: ni shemeji yake, naye anasema mikono yake bado inafanya kazi.