Mche Uliodumaa Chini ya Mkarafuu Mkubwa



Kila baada ya masika, kutoka Konde mpaka Mkoani, twasikia lalamiko moja: "Nimeziba pengo la mkarafuu uliokufa, mche nimeuchagua mwenyewe, nao umedumaa tu." Mwenye shamba hupanda tena, mara ya tatu huchoka, na pengo huachiwa magugu. Mkarafuu hutaka miaka 6 hadi 8 ndipo uanze kuzaa. Kila mwaka upoteao hapo ni karafuu zilizopotea.

Wako wasemao kuwa mti mkubwa humtilia sumu jirani yake. Je, ni kweli?

Jambo lenyewe lipo. Pliny, Mrumi aliyekufa mwaka 79, aliandika kuwa kivuli cha mti wa jozi hudhuru mimea. Mwaka 1937 Bwana Hans Molisch wa Austria alilipa jina: alelopathi. Maana yake ni mmea kutoa dawa zinazougusa mmea mwingine. Hutoka kwa njia tatu kubwa: mizizi huzitoa udongoni, mvua huziosha majanini, na majani yaliyoanguka huziachia yakioza.

Mfano wa karibu upo Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Huko, katika miaka ya 1990, wataalamu wa ICIPE wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hutoa dawa zinazoiamsha mbegu ya kiduha kabla ya wakati, na nyingine zinazoizuia isishike mzizi wa muhindi. Kiduha hufa kwa njaa. Basi jirani si lazima awe adui. Hutegemea ni jirani gani.

Na mkarafuu? Sote twajua mafuta yanayokamuliwa katika makonyo na majani. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, nayo ina nguvu ya kuunguza majani machanga, hata nchi za nje mafuta ya karafuu hutumika kuulia magugu. Lakini tusikate hukumu upesi. Mafuta ya chupani si sawa na jani lililoanguka. Udongoni mna vijidudu vinavyoila dawa hiyo, na mvua huichukua. Tena mche ulio chini ya mti mkubwa una maadui wengine wawili: kivuli, na mizizi ya mkubwa inayoushinda kwa maji na chakula. Dalili zao hufanana.

Kwa hiyo yafaa kupima kabla ya kulaumu. Chukua viriba tisa, panda kunde mbili katika kila kimoja, uvipange hivi:

1. Vitatu vitie udongo wa mbali, uviweke penye pengo, juu ya ubao.
2. Vitatu vitie udongo wa penye pengo, uviweke uwanjani penye jua.
3. Vitatu vitie udongo wa mbali, uviweke uwanjani. Hivi ndivyo kipimo.

Vimwagilie sawasawa, na baada ya wiki nne uvilinganishe.

Kunde za kwanza zikiwa dhaifu peke yake, kosa ni kivuli: pogoa matawi. Za pili zikiwa dhaifu, kosa limo udongoni. Rudia jaribio kwa udongo uleule, nusu ukiutia samadi iliyooza. Zikistawi kwa samadi, yaelekea ni njaa. Zisipostawi, ndipo tushuku sumu au ugonjwa, na hapo mwite Bwana Shamba. Zote zikistawi na mche wa ardhini bado umedumaa, mizizi ya mkubwa ndiyo inayounyang'anya: chimba shimo pana, kata mizizi iliyoingia, tia udongo mpya na samadi.

Wakati huo huo, tusirundike majani mabichi ya mkarafuu wala mabaki ya kiwanda cha mafuta juu ya shimo la mche. Yaachwe kwanza yaoze. Na mkaratusi usipandwe kando ya mikarafuu michanga, maana una tabia hiyo hiyo, na ni mnywaji mkubwa wa maji.

Neno la mwisho. Mkarafuu mzima ukikauka kwa ghafla, usimlaumu jirani wala mti wake. Katika miaka ya 1950 Nutman na Roberts waliuchunguza ugonjwa huo hapa visiwani, wakaona kuwa chanzo chake ni kuvu. Ugomvi wa mpakani hautauponya.

Atakayejaribu viriba tisa, aandike alichokiona, kiwe kizuri au kibaya, akilete mkutanoni. Hesabu za wengi zitatufundisha kuliko maneno yetu haya.