FUNDISHO: Vidonge vya Kuzuia Mimba, Faida Zake na Madhara Yake



Waalimu wa sharika huulizwa mara nyingi na akina mama habari za vidonge vya kuzuia mimba. Wengine hujibu kwa ukali kwamba ni sumu. Wengine hujibu kwa wepesi kwamba havina neno. Majibu haya yote mawili yaweza kumdhuru mtu, maana vidonge hivi ni dawa, na kila dawa ina kazi yake, faida yake na hatari yake. Bwana wetu alitufundisha kwa mfano wa mjenzi wa mnara (Luka 14:28) kwamba mwenye busara hupima kabla ya kuanza. Basi, na tupime.

1. Kazi ya vidonge.
Vidonge vya kawaida vina homoni mbili, estrojeni na projestini, zinazofanana na zile ambazo mwili wa mwanamke hujitengenezea. Huzuia yai lisipevuke, tena huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, hata mbegu ya mume isipite kwa urahisi. Paketi nyingi zina vidonge 28: vya dawa ni 21, na 7 havina homoni. Humezwa kimoja kila siku, kwa saa ile ile. Katika wanawake 100 wamezao pasipo kukosa mwaka mzima, hata 1 hapati mimba kwa kawaida. Bali kwa jinsi watu wanavyosahausahau, wapatao mimba ni kama 7. Aliyesahau kidonge kimoja cha dawa akimeze mara akumbukapo. Aliyesahau viwili au zaidi kwa mfululizo na ameze kimoja mara moja, aendelee na vilivyosalia, tena yeye na mumewe wajizuie au watumie kondomu kwa siku 7.

2. Faida zake.
Ya kwanza ni kupumzika kwa mama. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba baada ya kujifungua ipite miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, ili mama na mtoto wapate nguvu. Ya pili, damu ya mwezi hupungua na maumivu yake hupungua, na hivyo mama asiyekuwa na damu ya kutosha husaidiwa. Ya tatu, hatari ya saratani ya mji wa mimba na ya vifuko vya mayai hupungua, na kinga hiyo hudumu miaka mingi hata baada ya kuacha. Tena uvumi kwamba vidonge hujikusanya tumboni na kumfanya mwanamke kuwa tasa si kweli. Akiacha kumeza, uwezo wa kuzaa humrudia.

3. Madhara yake.
Yako madogo: kichefuchefu, kuumwa kichwa, matiti kuuma, na matone ya damu kabla ya siku zake. Mara nyingi hayo hutulia katika miezi 3 ya kwanza. Yasipotulia, arudi kwa mwuguzi abadilishiwe aina. Yako na makubwa, ingawa hayawapati wengi: damu kuganda katika mishipa ya mguu au ya pafu, na kiharusi. Hatari ya saratani ya matiti huongezeka kidogo wakati wa kutumia, na ile ya mlango wa kizazi kwa watumiao miaka 5 na zaidi. Zote mbili hupungua baada ya kuacha.

Vidonge vya kwanza, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1960 kwa kuzuia mimba, vilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni. Vingi vya siku hizi vina 35 au pungufu. Hatari imepungua, lakini haikuondoka. Kwa hiyo wafuatao wasimeze vidonge vyenye estrojeni: mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kugandwa na damu au kupata kiharusi, mwenye saratani ya matiti, mvutaji wa sigara aliyefikisha miaka 35, na mwenye kuumwa kichwa kwa kipandauso akiona vimulimuli machoni. Mama anyonyeshaye mtoto wa chini ya miezi 6 aulize vidonge vya projestini pekee. Naye atumiaye dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, au dawa za kifafa, amwambie daktari, maana baadhi ya dawa hizo huzipunguza nguvu za vidonge.

Mama amezaye akiona mguu mmoja umevimba na kuuma, au kifua kikimbana, au pumzi ikimpungukia, au kichwa kikimwuma ghafula kupita kiasi, au macho kufifia, aende hospitali siku ile ile.

4. Neno kwa waume na kwa waalimu.
Jambo linaloniogofya zaidi ni siri. Mke amwogopaye mumewe huomba vidonge kwa jirani, akavificha, akameza pasipo kupimwa shinikizo la damu. Siku mguu ukivimba, huogopa kusema. Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humwumbua. Ewe mume, ukali wako usimfikishe mkeo huko. Mwende pamoja kliniki, mkasikie pamoja. Ninyi waalimu, msigawe vidonge, wala msitangaze uvumi. Mpelekeni mama apimwe.

Je, ni dhambi? Kanisa la Roma lilikataza njia hizi kwa waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968. Makanisa mengi ya Kilutheri huwaachia mume na mke waamue kwa dhamiri mbele za Mungu. Watoto ni zawadi yake, na mwili wa mama vilevile ni hekalu lake (1 Kor. 6:19). Lakini mtu asifanye vidonge kuwa ruhusa ya uasherati. Tena havikingi UKIMWI, wala kaswende, wala kisonono.

Maswali ya kujifunza:
1. Ni akina nani wasiomeza vidonge vyenye estrojeni?
2. Ni dalili zipi za kumpeleka mama hospitali upesi?
3. Kwa nini siri kati ya mume na mke ni hatari?

Bwana azilinde nyumba zenu.